Paipulaini Isiyomtegemea Mtu Mmoja

Maneno haya niliyasema jioni moja hapa Nairobi mbele ya vijana wanaoandika programu, wengi wakiwa katika kazi yao ya kwanza au ya pili. Nimeyaandika kwa utulivu na kuongeza machache ambayo muda ulinibana nisiyaseme.

Ndugu zangu, hamjambo. Asanteni kwa kufika. Wengine mmetoka Rongai, wengine Kasarani, na mvua ya leo haikumhurumia mtu, kwa hiyo sitawapotezea muda.

Nianze na jina la kitu chenyewe. Ukimtajia mkazi wa Nairobi neno Pipeline, akili yake inakwenda Embakasi, kwenye ule mtaa wa magorofa yaliyosongamana. Mimi jina hilo hunikumbusha bomba la mafuta linalotoka Mombasa. La kwanza lilianza kazi mwaka 1978, na urefu wake ni kama kilomita 450. Mombasa iko usawa wa bahari, sisi tuko juu zaidi ya mita 1,600, na mafuta hayapandi mlima yenyewe. Njiani kuna vituo vya pampu, Maungu, Mtito Andei, Sultan Hamud na kwingineko, vinavyoyasukuma mbele hatua kwa hatua. Petroli na dizeli hupita katika bomba lile lile kwa zamu, na walio kazini lazima wajue moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, la sivyo kuna mtu atajaziwa mchanganyiko kwenye gari lake.

Paipulaini ya programu nayo ni hivyo. Msimbo unatoka kwenye kompyuta ya aliyeuandika, unafika kituo cha kwanza unajengwa, cha pili unajaribiwa, cha tatu unakaguliwa usalama, cha nne unafungashwa, halafu unapelekwa kwenye seva ambako wateja wapo. Chombo kinachoendesha vituo hivyo ndicho nilichokuja kukizungumzia: Jenkins, GitLab CI, GitHub Actions na ndugu zao. Nitazungumza zaidi juu ya Jenkins kwa sababu ndiyo niliyoishi nayo miaka mingi, na kwa sababu ukiielewa, hizi nyingine hazitakusumbua.

Na nina jambo moja tu la kuwaambia usiku huu. Sakinisha chombo hiki kana kwamba unaacha kazi Ijumaa. Kila uamuzi, kuanzia mahali pa kukiweka hadi mahali pa kuficha funguo, upime kwa swali hilo: nikiondoka, atakayebaki ataweza?

Nilijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 2018 nilikuwa katika kampuni moja ndogo Westlands, tulikuwa watu 9, tukitengeneza mfumo wa malipo kwa wafanyabiashara wadogo. Jenkins yetu ilikaa kwenye kompyuta ya mezani iliyowekwa chini ya dawati karibu na dirisha. Mwenzetu aliyeiweka alikuwa fundi hodari, mtu mpole, na alikuwa ameondoka miezi 5 kabla kwenda kazi nyingine. Mashine iliendelea kufanya kazi na hakuna aliyeigusa. Tulikuwa tukibonyeza kitufe kwenye brauza, toleo jipya linakwenda, tunaendelea na chai.

Jumanne moja stima zikapotea. Ziliporudi, zilirudi kwa kishindo, diski ikafa.

Wakati huo huo tulikuwa na kasoro kwenye hesabu ya ada. Wateja wengine walikuwa wanakatwa mara mbili. Marekebisho yenyewe yalikuwa mstari mmoja, tayari umeandikwa, tayari umekaguliwa na wenzangu wawili. Tulishindwa kuupeleka. Hakuna kati yetu aliyejua kwa hakika toleo linajengwa vipi, kwa sababu hatua zote zilikuwa zimeandikwa ndani ya Jenkins kwa kubonyezabonyeza, sanduku hili tiki, lile acha, na hapa bandika hati ya amri za kompyuta yenye mistari 60. Nakumbuka dada wa huduma kwa wateja akinishikia simu niisikilize. Upande wa pili alikuwa mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba. Alikuwa amekatwa shilingi 120 mara mbili, siku mbili mfululizo. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwanangu, mtarekebisha lini?" Nami sikuwa na siku ya kumwambia.

Mtauliza, je, hamkuwa na nakala za akiba? Zilikuwepo, na ndiyo sehemu iliyoniuma kuliko zote. Kila Ijumaa usiku kuna hati ndogo iliyokuwa inanakili saraka, yaani folda, za Jenkins kwenye diski ya nje. Tukanunua kompyuta nyingine, tukarudisha nakala, na kazi zote zikaonekana kwenye orodha kama zamani. Tukapongezana. Kisha tukabonyeza kitufe, ikashindwa pale inapotakiwa kuingia kwenye seva.

Sikilizeni hapa vizuri. Jenkins ikihifadhi nywila na funguo, haiziandiki wazi. Inazifumba kwa ufunguo wake yenyewe, na ufunguo huo unakaa kwenye saraka inayoitwa secrets, katika faili la master.key. Yule aliyeandika hati ya kunakili aliiruka saraka hiyo, na alikuwa na hoja nzuri, kwa kuwa si busara kuweka kufuli na ufunguo wake katika mfuko mmoja. Lakini hakuuhifadhi ufunguo mahali pengine popote. Kwa hiyo tulikuwa na majina ya siri zetu zote, nywila ya hifadhidata, ufunguo wa seva, vitambulisho vya Daraja, ule mlango wa Safaricom wa kuongea na M-Pesa, na hakuna hata moja iliyoweza kufunguka. Nyingi tuliomba upya. Iliyotunyima usingizi ni moja: ufunguo wa kutia sahihi programu yetu ya Android. Programu yetu haikuwa katika mpango wa Google wa kuwatunzia watengenezaji ufunguo huo. Ufunguo ukipotea, huwezi kuwapa wateja wako toleo jipya la programu ile ile. Unaanza upya na jina jipya dukani, na kila mteja umwombe afute ya zamani.

Tulimpigia yule mwenzetu. Jumamosi asubuhi alikuja kutoka Kitengela na laptopu yake ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki, betri imekufa, tukatafuta chaja inayoingia. Ufunguo ulikuwa humo, ndani ya folda ya vipakuliwa. Siku ya nne ndiyo mama wa Gikomba alirudishiwa pesa zake.

Yule bwana hakuwa na kosa la kumlaumu. Alifanya kazi yake kwa moyo, na alipoitwa alikuja bila kudai nauli. Kosa lilikuwa letu sote: tuliacha kazi ya watu 9 ikae ndani ya kichwa cha mtu mmoja na chini ya dawati moja.

Na msidhani haya ni ya kampuni ndogo za huku kwetu. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa, Knight Capital, ilipeleka programu mpya kwenye seva zake 8. Fundi aliyezipitia kwa mkono alifika 7, moja ikabaki na msimbo wa zamani. Soko lilipofunguliwa, seva hiyo ilianza kutuma maagizo yasiyotakiwa, na kwa muda wa dakika 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 400. Mashine iliyoandikiwa orodha ya seva 8 isingechoka ilipofika ya saba.

Sasa tuingie kazini. Nitaanza na uchaguzi wa chombo, na sitaukalia sana, kwa sababu vijana wengi hupoteza mwezi mzima wakibishana kuhusu hili. Jenkins ilianzishwa na Kohsuke Kawaguchi mwaka 2004 akiwa kampuni ya Sun Microsystems, ikiitwa Hudson, na 2011 ikabadilishwa jina baada ya mgogoro na Oracle, iliyoinunua Sun. Ni ya bure, unaiweka kwako mwenyewe, na ina plagini, yaani viongezi, zaidi ya 1,800. GitLab na GitHub zinakupa paipulaini pale pale msimbo wako unapokaa, huna seva ya kutunza. Kama mko watu watatu na msimbo wenu uko GitHub, tumieni GitHub Actions, msijitwike mzigo. Kama mna data ambayo mkataba unawataka muitunze ndani ya jengo lenu, au mna majaribio mazito yanayokula dakika nyingi, Jenkins ina nafasi yake. Ukishachagua, tulia. Usiache mbachao kwa msala upitao. Nimeona timu iliyohama chombo mara tatu kwa miaka miwili na bado majaribio yao hayapiti.

Tuseme umechagua Jenkins. Chukua seva yenye Ubuntu. Maelezo rasmi yanasema megabaiti 256 za memori zinaitosha Jenkins kuamka, lakini kwa timu ndogo anza na gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 50, maana mabaki ya kila ujenzi yanajaza diski kimyakimya, na diski ikijaa utapigiwa simu usiku wa manane. Tangia siku ya kwanza iagize Jenkins itunze matokeo 20 ya mwisho tu na kufuta ya nyuma.

Weka Java kwanza, maana Jenkins huendeshwa juu yake, kisha Jenkins baadaye. Ukigeuza mpangilio huo, huduma itakataa kuamka na utaanza kutafuta mchawi asiyekuwepo. Tangu Oktoba 2024 matoleo yake thabiti hayakubali tena Java 11. Ukiweka leo, weka Java 21. Kisha ongeza hazina rasmi ya Jenkins kwenye orodha ya vyanzo vya Ubuntu pamoja na ufunguo wake wa sahihi, na uchague tawi la LTS. Hayo ndiyo matoleo thabiti, yanayobadilika kila baada ya wiki 12. Usichukue toleo la kila wiki kwa mfumo unaohudumia pesa za watu.

Ikishaamka itakuwa inasikiliza kwenye poti 8080, na ukiifungua kwenye brauza itakuomba nywila ya kwanza, iliyo kwenye faili /var/lib/jenkins/secrets/initialAdminPassword. Hapo wengi wanabonyeza haraka haraka mpaka mwisho. Mimi nawaomba msimame mahali pawili.

Pa kwanza ni plagini. Weka unazozihitaji leo. Kila plagini ni msimbo wa mtu mwingine unaoingia ndani ya nyumba yako na kupewa kitanda. Orodha yake iandike kwenye faili, ihifadhi pamoja na msimbo wenu, ili seva ikifa mwenzako asome orodha badala ya kukumbuka. Mipangilio mingine nayo, watumiaji, ruhusa, mawakala, iandikwe kwenye faili la YAML, maandishi ya kawaida ya mipangilio, kupitia plagini ya Configuration as Code. Ile kazi tuliyoifanya 2018 kwa kubonyeza masanduku siku nne, faili hilo linaifanya kwa dakika chache.

Pa pili ni mawakala. Jenkins ina pande mbili: kontrola, yaani yule anayepanga kazi, na wakala, anayezifanya. Ukiiacha ilivyo, kontrola itafanya kazi zote mbili. Iondolee hiyo ya pili, weka idadi ya watekelezaji wake kuwa 0. Sababu yake ni hii. Ujenzi unaoendeshwa kwenye kontrola unaweza kusoma mafaili ya kontrola, na humo ndimo ile saraka ya secrets ilimo. Mwanafunzi wa mafunzo kazini akiandika mstari mmoja ndani ya jaribio lake, amefika kwenye funguo za kampuni, hata kama hakukusudia. Fikirieni duka la M-Pesa. Wakala anatoa na kupokea pesa mbele ya watu, lakini hesabu kuu haikai kwenye droo yake. Mawakala wetu wawe kontena za Docker, vijumba vilivyotengwa vya kuendeshea programu, zinazozaliwa kazi ikianza na kufa kazi ikiisha, ili uchafu wa ujenzi wa jana usiingie kwenye wa leo.

Sasa hatua zenyewe za paipulaini. Ziandikwe kwenye Jenkinsfile, na faili hilo likae ndani ya hazina ya msimbo, pale pale na programu inayojengwa. Hili ndilo moyo wa hotuba yangu. Hatua zikiwa kwenye faili, mabadiliko yake yanapitia ukaguzi kama mabadiliko mengine. Ukitaka kujua nani aliondoa kituo cha majaribio na kwa nini, unasoma historia. Mgeni anayeingia kazini Jumatatu analifungua, anasoma: jenga, jaribu, fungasha, peleka. Amejua ofisi inavyofanya kazi kabla hata ya kuonyeshwa jikoni. Yaandikeni majina ya vituo kwa Kiswahili mkitaka. Jenkins inayapokea vizuri kabisa. Timu yangu ya sasa tumefanya hivyo, na mwenzetu wa mapokezi, ambaye hajawahi kuandika programu, akitazama skrini ukutani anajua kama toleo limekwama kwenye "Majaribio" au liko "Kupeleka".

Tafadhali yawekeni majaribio ya haraka mbele. Mtu akisubiri jibu zaidi ya dakika 10 huwa ameshahamia jambo jingine, na ukimrudisha amesahau alichokuwa akikifikiria.

Kuhusu funguo nimeshasema ya kwangu, niongeze haya tu. Ufunguo wa kufumbua siri utengwe na nakala za akiba, lakini uhifadhiwe, na watu wawili wajue ulipo. Ufunguo wa sahihi ya Android uwekwe mahali pawili au zaidi. Na Jenkins isasishwe. Januari 2024 ilitangazwa kasoro ya Jenkins, namba yake CVE-2024-23897, iliyomwezesha mtu wa nje kusoma mafaili ya kontrola kupitia njia yake ya amri. Kiraka kilitoka siku hiyo hiyo. Waliokuwa na desturi ya kusasisha walilala kwa amani. Wale wa GitHub Actions nao wasijione wako salama: Machi 2025 kipande kimoja cha msimbo kilichokuwa kikitumiwa na hazina za msimbo zaidi ya 23,000, tj-actions/changed-files, kiliingiliwa, na matoleo yake yakageuzwa ili yamwage siri za watu kwenye logi, yale maandishi ya kumbukumbu za kila ujenzi. Waliokuwa wamekifunga kwa alama kamili ya toleo, ule mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, hawakuguswa. Waliokuwa wameandika tu jina la toleo walipokea sumu bila kujua. Kwa hiyo fungeni kwa alama kamili. Ni kazi ya dakika moja kwa kila mstari.

Kuna jambo ambalo miongozo ya ng'ambo haitawaambia, nalo ni saa. Niliingia kwenye shimo hili mwenyewe, kwenye kazi nyingine, tukiwa na mteja anayewauzia wachuuzi mboga kwa jumla. Tulitaka matengenezo ya hifadhidata yafanyike saa nane usiku, watu wakiwa wamelala. Saa nane usiku kwa maandishi ya kompyuta ni 2. Nikaandika 2, nikaenda kulala. Seva ilikuwa ikihesabu kwa UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, nasi tuko mbele ya UTC kwa saa 3. Saa nane ya usiku niliyoikusudia ikawa saa kumi na moja alfajiri. Na saa kumi na moja alfajiri soko la Marikiti limeshachemka: malori ya kabichi na viazi yamefika, mikokoteni inapishana, na wachuuzi wanataka kulipa wabebe mzigo kabla ya foleni kuanza. Mfumo ukafunga jedwali la malipo kwa dakika 22. Mtu mwenye magunia 14 ya viazi hawezi kusubiri dakika 22 mahali pale. Wengine walinunua kwingine.

Nasi Waswahili tunahesabu mara mbili, kwanza kutoka saa yetu kwenda saa ya kizungu, kisha kutoka hapo kwenda UTC. Saa nane usiku ni 2, na 2 ya Nairobi ni 23 ya UTC, tena ya siku iliyotangulia. Kazi unayoitaka Jumatatu saa nane usiku, kwa UTC bado ni Jumapili. Ukiandika siku bila kulitazama hilo, umekosea siku nzima. Katika Jenkins dawa yake ni mstari mmoja juu ya ratiba: TZ=Africa/Nairobi. Baada ya hapo andika saa ya huku na usahau hesabu. GitLab nayo inakuuliza ukanda wa saa unapopanga ratiba. Na pale penye dakika, Jenkins inakuruhusu kuandika herufi H ili ichague yenyewe dakika, kazi 30 zisiamke kwa mpigo.

Jambo jingine la huku kwetu ni intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikapunguziwa pumzi. Siku zile ujenzi wetu uliokuwa ukichukua dakika 6 ulichukua zaidi ya saa moja, mwingi ukafia njiani. Tulipochunguza tukakuta kila ujenzi ulikuwa unapakua upya maktaba zile zile za msimbo na imeji zile zile za Docker, yaani vifurushi vya kuundia kontena, kutoka ng'ambo, mara 40 kwa siku. Tukaweka ghala la karibu, seva inayohifadhi kila kilichopakuliwa mara moja na kuwagawia mawakala. Siku ya tatu tulikuwa tunafanya kazi wakati nyaya bado zimekatika. Na hata nyaya zikiwa nzima ghala hilo lina faida. Tangu Novemba 2020 Docker Hub imewawekea kikomo wanaopakua bila kujitambulisha, ikihesabu kwa anwani ya IP, ile namba inayoutambulisha mtandao wako kwa nje, na nyinyi mnajua mitandao mingi ya nyumbani na ofisi ndogo hapa Nairobi inagawana anwani moja kwa wateja wengi. Unaweza kuzuiwa kwa sababu ya jirani usiyemjua.

Kugawana anwani huko kunaleta shida nyingine. GitHub ikitaka kuiarifu Jenkins yako kwamba kuna msimbo mpya, haiwezi kuifikia, kwa sababu seva iliyo ofisini haionekani kutoka nje. Nimeona watu wakitoboa ruta na kuianika Jenkins kwenye intaneti nzima ili kupokea taarifa hiyo. Msifanye hivyo. Iambie Jenkins iende ikaulize yenyewe kila baada ya dakika chache. Au tumia wakala wa GitLab au wa GitHub unayemweka mwenyewe ofisini: huyo ndiye anayepiga simu kwenda nje, hakuna poti ya kufungua. Na stima msizisahau. Ule usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipozama gizani, hata uwanja wa ndege wa JKIA, timu zilizokuwa na seva ofisini na betri ya dakika 20 zilijua betri hiyo ni ya nini. Si ya kuendelea na kazi. Ni ya kuizima mashine kwa heshima ili diski isife. Ipangeni ijizime yenyewe.

Nimalizie na tunachokifanya katika timu yetu sasa. Kila robo mwaka, Jumamosi asubuhi, tunaifuta seva ya Jenkins. Tunaifuta kweli. Kisha mtu mmoja anaijenga upya kutoka kwenye mafaili, na mtu huyo hachaguliwi kwa ujuzi, anachaguliwa kwa zamu. Aliyeisakinisha mara ya kwanza anakaa kando na haruhusiwi kusema neno. Kila mahali aliye kwenye zamu anapokwama panaandikwa, na Jumatatu panarekebishwa. Mara ya kwanza ilituchukua saa 5, maana hakuna aliyejua ufunguo wa hazina moja ulikuwa kwa nani. Mara ya mwisho zamu ilikuwa ya binti aliyekuwa na wiki 6 tu kazini. Alimaliza kwa dakika 38, na toleo la kwanza alilolipeleka baada ya hapo lilikuwa la marekebisho yake mwenyewe.

Vijana wangu, nimekuja na seva. Iko pale mezani karibu na projekta, tupu, ina Ubuntu peke yake. Sitaigusa mimi. Nataka mmoja wenu ambaye hajawahi kufanya kazi hii akae kwenye kiti, nami nitakaa nyuma nikinyamaza. Vuteni viti karibu. Tunaanza na Java.